Riwaya za Vita Zenye Ukweli na Mvuto: Mwongozo Kamili wa Kuzitafuta, Kuzipima na Kuzisoma

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya. Ndivyo wazee walivyokiita kikosi cha King's African Rifles, na yeye hakukiita kwa jina jingine hadi alipofariki. Katika Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Burma. Jioni, sisi wajukuu tulipomzunguka tukitaka habari za mizinga na ndege, yeye alitusimulia mvua. Mvua ya Burma inahamia, alisema, kama mgeni asiyeaga. Alitusimulia ruba waliokuwa wakipenya kwenye matundu ya kamba za buti na kunyonya damu mpaka wanavimba kama zabibu. Alitusimulia namna rafiki yake mmoja alivyokuwa akikunja blanketi, kwa uangalifu, pembe kwa pembe, kana kwamba yuko kwao. Rafiki huyo hakurudi. Habari za risasi hatukuzipata kabisa, na wakati ule niliona ametunyima.

Miaka mingi baadaye, baada ya kusoma riwaya za vita nyingi, nzuri na mbovu, ndipo nilipotambua kwamba babu alikuwa amenipa kipimo. Riwaya ya vita iliyo kweli utaijua kwa mambo ya mwili: miguu, chungu cha chakula, usingizi, blanketi la mtu aliyekufa. Habari njema ni kwamba mambo hayo unaweza kuyakagua ukiwa umesimama dukani, kabla hujatoa hela. Nitaeleza ninavyofanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: chagua vita kabla ya kuchagua kitabu

Wasomaji wengi huanza kwa kuuliza "kitabu gani cha vita ni kizuri?" Swali hilo ni pana mno, na majibu yake huwa orodha ileile inayozunguka. Anza na vita ambavyo tayari vimekugusa, hata kwa mbali. Kwa sisi wa Afrika Mashariki vita haviko mbali hata kidogo. Ukishuka Kariakoo, Dar es Salaam, au Kariokor, Nairobi, unakanyaga jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya katika Vita vya Kwanza vya Dunia kubeba unga, risasi na majeruhi. Tanga ilipigwa Novemba 1914, na nyuki wakawavamia askari katikati ya mapigano. Vita hivyo huku kwetu vilichelewa kwisha kuliko Ulaya: jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Kisha kuna Majimaji ya 1905 hadi 1907, Mau Mau ya miaka ya 1950, Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuishia na kuanguka kwa serikali yake mwaka 1979. Uliza nyumbani. Karibu kila ukoo una mtu aliyebeba, aliyepigana, aliyekimbia au aliyengoja. Ukishajua ni vita gani vilivyopita mlangoni kwenu, utakisoma kitabu chake kwa masikio yaliyo wazi zaidi, na utagundua upesi mwandishi anapodanganya.

Ukishachagua vita, chagua jicho: la askari wa kawaida, la ofisa, la mpagazi, la mwanamke aliyebaki nyumbani, au la mtoto. Vita vilevile, kwa jicho jingine, ni kitabu kingine kabisa. Mimi hupendelea jicho la mtu wa chini asiyejua mpango wa vita, kwa sababu ndivyo watu wengi walivyoviishi. Waliambiwa watembee, wakatembea.

Hatua ya pili: jua mwandishi aliujuaje ukweli wake

Hapa kuna kosa moja limeenea, nami nililifanya kwa miaka. Tunadhani riwaya ya kweli lazima iandikwe na aliyepigana. Wapo waliopigana na wakaandika vizuri mno. Erich Maria Remarque, Mjerumani, alipelekwa mstari wa mbele wa Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa kijana, mwaka 1917, akajeruhiwa na vipande vya mzinga, na mwaka 1929 riwaya yake, ambayo kwa Kiingereza inaitwa All Quiet on the Western Front, ikatoka kama kitabu. Wanazi waliichoma hadharani mwaka 1933. Bao Ninh alipigana upande wa Vietnam Kaskazini katika kikosi cha vijana 500, na yeye ni mmoja kati ya kumi waliobaki hai. Riwaya yake, The Sorrow of War, inaanza baada ya vita: Kien, askari aliyenusurika, yuko msituni katika kikosi cha kukusanya mabaki ya wenzake, na usiku analala ndani ya lori lililoyabeba.

Sasa mtazame Stephen Crane. Alizaliwa mwaka 1871, miaka sita baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika, na alipoandika The Red Badge of Courage, iliyotoka mwaka 1895, alikuwa hajaona vita vyovyote. Hata hivyo hofu ya yule kijana wake anayetupa bunduki na kukimbia ni hofu ambayo askari waliopigana waliitambua. Chimamanda Ngozi Adichie alizaliwa mwaka 1977, miaka saba baada ya Vita vya Biafra, huko Nigeria, kwisha. Lakini babu zake wote wawili walikufa katika vita hivyo, akakulia katika nyumba ambamo jambo hilo lilikuwepo hata lisipotajwa, na Half of a Yellow Sun ya mwaka 2006 imejengwa juu ya kusikiliza na kusoma kwa miaka.

Na yuko Vasily Grossman, aliyekuwa mwandishi wa habari wa gazeti la jeshi la Kisovyeti huko Stalingrad katika Vita vya Pili vya Dunia. Mama yake aliuawa na Wanazi katika mji wa Berdychiv mwaka 1941, miongoni mwa Wayahudi wa mji huo. Alipomaliza Life and Fate, maofisa wa KGB, polisi wa siri wa Kisovyeti, walikuja nyumbani kwake mwaka 1961 wakachukua muswada, nakala zake, hata karatasi za kaboni na utepe wa taipureta. Alifariki mwaka 1964 bila kuona kitabu chake kikichapishwa. Kilitoka Uswisi mwaka 1980. Nikikishika huwa nakumbuka utepe ule.

Kwa hiyo uliza hivi: mwandishi huyu aliujua ukweli kwa njia gani? Fungua kurasa za mwisho, penye maelezo ya mwandishi au shukrani. Mwandishi makini asiyepigana hutaja aliowahoji, vitabu alivyosoma, na mara nyingi mtu wa ukoo wake. Maaza Mengiste, mzaliwa wa Addis Ababa, aliyeandika The Shadow King ya mwaka 2019 kuhusu uvamizi wa Italia nchini Ethiopia mwaka 1935, ana mama wa bibi yake aliyekwenda vitani na bunduki. Ukikuta kurasa za mwisho hazina lolote, na jalada linasifia tu idadi ya nakala zilizouzwa, usikatae kitabu kwa hilo peke yake, ila nenda hatua ya tatu ukiwa macho.

Hatua ya tatu: kipimo cha kurasa tatu

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na huchukua dakika kama kumi na tano. Soma kurasa tatu: wa kwanza, mmoja wa katikati uliofungua bila kuchagua, na mmoja wenye mapigano.

Ukurasa wa kwanza unakuambia mwandishi anaona nini kwanza. Chukua Remarque. Kikosi kimetoka mstari wa mbele, wanaume wamelala, wameamka, wana njaa. Mpishi amepika maharage meupe na nyama ya ng'ombe kwa watu 150, mkate na tumbaku vimekuja kwa hesabu hiyohiyo, na waliorudi ni 80. Askari wanasimama na mabakuli yao, furaha imewajaa: leo kila mtu atakula mara mbili. Mpishi anakataa, anataka kusubiri wengine. Wanamwambia hakuna wengine. Bado anabisha, kwa kuwa hesabu yake inasema 150, mpaka kamanda anafika na kuamuru sufuria yote igawiwe.

Angalia kilichofanyika. Watu sabini hawapo, wengine wamekufa na wengine wako hospitalini, na hatujaambiwa "ilikuwa siku ya huzuni". Tumeonyeshwa maharage. Wenzao wanafurahia shibe, nasi tunawaelewa, na palepale tunaona aibu kwa kuwaelewa. Mwandishi aliyeanza hivi unaweza kumkabidhi jioni zako za wiki nzima.

Ukurasa wa katikati ni wa kupima uvumilivu. Vita vingi ni kungoja: kungoja amri, barua, gari, mvua ikatike. Mwandishi asiyevijua huogopa kungoja, kwa hiyo hujaza kila ukurasa milipuko. Mwandishi anayevijua hukaa ndani ya kungoja na kukufanya ukae naye. Tafuta vitu vinavyobebwa, vinavyoliwa, vinavyooshwa. Tim O'Brien, aliyepigana Vietnam, alijenga hadithi ya kwanza ya The Things They Carried juu ya vitu walivyobeba askari na uzito wake: bunduki kilo ngapi, redio kilo ngapi, barua za msichana ambaye pengine hampendi yule luteni. Ukimaliza kusoma orodha hiyo mabega yanakuuma.

Ukurasa wa mapigano ndio wa kukamata wadanganyifu. Jiulize: je, kuna anayejua kinachoendelea? Waliopigana wengi husema kwamba hawakuona adui; waliona moshi, nyasi zikitikisika, mgongo wa aliye mbele yao. Kama mwandishi anaonyesha uwanja wote kana kwamba msomaji yuko angani, na shujaa anaelewa kila kitu, hicho ni kitabu cha sinema. Je, anayekufa ana jina? Baada ya kufa, kinatokea nini kwa vitu vyake? Katika riwaya ya Remarque kuna jozi ya buti nzuri laini. Mwenyewe, Kemmerich, amekatwa mguu na anakufa hospitalini. Rafiki yake Müller anazitamani buti zile mbele ya kitanda chake, na si kwa ukatili, ni kwa kuwa buti zake mwenyewe zinamchubua. Buti zinahama mtu kwa mtu, na msomaji anajifunza kuogopa kila anayezivaa. Hakuna mlipuko unaoweza kufanya kazi hiyo.

Hatua ya nne: pima dhidi ya historia, hata kwa kidogo

Huna haja ya kuwa mwanahistoria. Chukua jambo moja au mawili ya hakika kuhusu vita vile, kisha uone kama riwaya inayaheshimu.

Mfano wa huku kwetu. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado wanatumia bunduki za muundo wa 1871, zenye baruti nyeusi. Baruti hiyo hufuka moshi mzito. Askari akifyatua mara moja kutoka kwenye kichaka, kila mtu anaona alipo. Kama riwaya ya mwanzo wa vita vile inamwonyesha askari amejificha akifyatua mchana kutwa bila kuonekana, mwandishi hakufanya kazi yake. Jambo la pili: mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, ndiyo maana mizigo ikawa juu ya vichwa vya watu. Na mpagazi naye anakula. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo anavyokula sehemu ya kile anachobeba, na wapagazi wengine wanahitajika kumbebea yeye. Njaa na maradhi ndiyo yaliyoua wengi wa wapagazi hao, makumi ya maelfu. Riwaya ya vita hivyo isiyo na mpagazi, isiyo na kuhara wala malaria, imeacha vita vyenyewe nje ya mlango.

Ndiyo maana Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla hajapewa Tuzo ya Nobel, ilinishika. Hamza, kijana aliyejiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, haonyeshwi kama shujaa wala kama msaliti. Anajifunza kupiga gwaride, anajifunza Kijerumani kwa ofisa ambaye wema wake unatisha kuliko ukali wa wengine, na vita vikiisha anarudi mjini akichechemea, akitafuta kazi na mahali pa kulala. Sehemu kubwa ya kitabu ni hayo ya baadaye: kuajiriwa, kupenda, kuoa, kuota ndoto mbaya usiku huku mke akisikiliza. Anayetaka mapigano mfululizo ataona kitabu hiki kimetulia mno. Mimi naona ndicho kilichosema kweli zaidi kuhusu vita hivyo kuliko vyote nilivyosoma.

Hatua ya tano: tofautisha mvuto na mbio

Watu wanaposema wanataka kitabu kinachovutia, mara nyingi wanafikiria kasi. Nimesoma riwaya zenye kasi ya risasi ambazo sikumbuki jina la mtu hata mmoja. Niliwahi kununua moja nene, jalada lina helikopta na moto, na katika sura ya nne shujaa anavunjika mguu; katika sura ya tano anaruka ukuta. Nilirudi nyuma kutafuta alipopona. Hakupona popote. Kuanzia hapo sikuogopa tena kwa ajili yake, na msomaji asipoogopa kwa ajili ya mtu, hakuna kitakachomvuta.

Mvuto huja pale unapomjali mtu mmoja na kujua anaweza kukosekana ukurasa ujao. Kwa hiyo kipimo changu ni kurasa 40. Nikifika hapo, nafunga kitabu na kujiuliza: nani nisingependa afe? Nikipata jina, naendelea. Nisipopata, narudisha kitabu rafuni bila kujilaumu.

Ishara nyingine ya mvuto wa kweli ni sauti. Ahmadou Kourouma, katika Allah n'est pas obligé ya mwaka 2000, anamwachia mtoto askari Birahima asimulie mwenyewe safari yake katika vita vya Liberia na Sierra Leone, huku mtoto huyo akifungua kamusi kueleza maneno makubwa. Utaisikia sauti hiyo tangu mstari wa kwanza. David Diop, katika Frère d'âme ya mwaka 2018, anamsikilizisha msomaji akili ya askari wa Senegal ndani ya mahandaki ya Ufaransa, sentensi zikijirudia kama mtu anayeomba msamaha. Wasomaji wa Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa wana bahati ya kuvipata vitabu hivi viwili kwa lugha vilivyoandikiwa.

Hatua ya sita: suala la lugha

Niseme wazi, kwa sababu linaniuma: riwaya za vita katika Kiswahili ni chache, na tafsiri ni chache zaidi. Lakini si kweli kwamba hatuna kitu.

Anza na tenzi, ingawa si riwaya. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima kuhusu vita vya pwani dhidi ya Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1880, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga utenzi wa Vita vya Majimaji. Hawa walikuwa watu wa wakati uleule. Shaaban Robert naye ana Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaofuata Vita vya Pili vya Dunia kuanzia 1939 hadi 1945. Soma beti chache kwa sauti, polepole. Kisha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Ni tamthilia, lakini swali lake ni la kila riwaya ya vita iliyo bora: neno likishawakusanya watu na kuwapa moyo, aliyelisema afanye nini akianza kulitilia shaka?

Katika riwaya, Kaburi bila Msalaba ya P. M. Kareithi, ya mwaka 1969, inahusu vita vya Mau Mau, na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya mwaka 1978, inakupeleka Zanzibar kabla na wakati wa Mapinduzi. Na usipitwe na Peponi, tafsiri ya riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994 iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yenyewe si riwaya ya vita. Inaishia pale vita vinapobisha hodi. Lakini ukiisoma kabla ya Afterlives utajua ni dunia gani iliyokuwa inakwenda kuvunjwa.

Ukilazimika kusoma kwa Kiingereza, angalia jina la mfasiri. Remarque ana tafsiri mbili zinazopatikana sana: ya A. W. Wheen ya mwaka 1929 na ya Brian Murdoch ya miaka ya 1990. Linganisha ukurasa wa maharage katika zote mbili. Ya Murdoch inateleza zaidi kwa msomaji wa leo, nami ndiyo ninayompa anayeanza. Kwa Grossman, tafuta ya Robert Chandler.

Hatua ya saba: kukipata kitabu chenyewe

Anza na maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, au maktaba ya mkoa wako. Mwombe mkutubi vitabu kwa jina la vita, si kwa "riwaya za vita". Ukisema "Majimaji" au "Biafra" utaletewa kitu. Vyuo vingi vikuu pia huruhusu wasomaji wa nje kusomea ndani kwa utaratibu wao.

Vibanda vya vitabu vya mtumba, vile vya kando ya barabara katikati ya Nairobi na Dar, vimenipa nusu ya nilivyo navyo. Kabla ya kulipa, shika kitabu kwa mgongo ukipeperushe taratibu ili uone kurasa zilizolegea, kisha hakikisha sura ya mwisho ipo. Usioneshe kwamba umekitafuta kwa miezi sita.

Vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha, kama vya Crane na Tolstoy, vipo bure kabisa na kihalali katika maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na vinasomeka kwenye simu ya kawaida. Kwa vya waandishi walio hai, nunua au azima. Nakala za wizi zinazozunguka kwenye makundi ya simu zina kurasa zilizoruka, na mwandishi wa Kiswahili anayetaka kutuandikia riwaya ya Kagera kesho anahitaji kuona kwamba tunanunua.

Hatua ya nane: mpangilio, na namna ya kusoma

Usianze na mnene zaidi. Ningemwambia mdogo wangu aanze na Remarque, kwa kuwa ni kifupi na hakijifichi. Kisha Gurnah, ili arudi nyumbani. Kisha Adichie, ili aone vita kwa macho ya jikoni na sebuleni: njaa inavyoingia katika familia iliyokuwa na vitabu na wageni wa jioni. Bao Ninh afuate baada ya hapo, kwa sababu hadithi yake inakatika na kuruka kama kumbukumbu ya mtu asiyelala, na inataka msomaji aliyekwisha zoea. Grossman mwishoni, ana kurasa zaidi ya 800 na majina mengi ya Kirusi. Andika majina hayo kwenye karatasi, yule ni mke wa nani, huyu yuko kambi gani, uiweke karatasi ndani ya kitabu.

Weka ramani karibu, hata ya kwenye simu. Ukijua umbali wa kutoka Tanga hadi mto Ruvuma, neno "tulitembea" linapata uzito wake.

Na neno moja kwa wasomaji wa Kongo Mashariki, Burundi, Rwanda, na popote ambapo vita si hadithi. Huna deni la kusoma vitabu hivi. Ukisoma, soma mchana, na karibu na mtu. Kitabu kikikurudisha mahali usipotaka kurudi, kifunge; kukifunga si udhaifu. Wengine huanza na Petit Pays ya Gaël Faye, kuhusu utoto Bujumbura kabla na baada ya 1993, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maembe, mto na marafiki, na vita vinaingia polepole. Lakini hata hicho, jipime kwanza.

Hatua ya mwisho, kwa anayeweza

Kama una mzee aliyepigana, msomee ukurasa mmoja. Mimi nilifanya hivyo na jirani yetu aliyekwenda Uganda mwaka 1979. Nilikaa naye barazani, nikamsomea ule ukurasa wa maharage, nikiutafsiri mstari kwa mstari. Alisikiliza akitazama barabara. Nilipofika pale mpishi anapobisha na hesabu yake ya watu 150, akaninyooshea mkono nisite kusoma.

"Huyo mpishi," akauliza, "alipokuwa anachochea moto, hakujua anawapikia marehemu?"

Nikamwambia hakujua, jikoni lilikuwa nyuma, habari zilikuwa hazijamfikia.

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akavuta kigoda chake karibu na changu, akasema, "Haya, soma. Walikula?"